Nondo wa kwenye fremu na nondo wa bwenini

SWALI: Shikamoo mzee wangu. Mimi ni mwalimu wa baiolojia katika shule moja ya sekondari huku Kondoa. Ofisini kwetu kuna fremu ya kioo yenye nondo watatu wakubwa wenye mikia, zawadi ya mgeni aliyepita zamani. Kikaratasi cha chini kinasema tu "Actias selene, Asia". Mwalimu mwenzangu anashikilia kuwa ni nususpishi ya China, mimi nasema ni ya India, na programu ya simu inatupa jibu jipya kila tunapopiga picha. Kisha Januari, baada ya mvua ya usiku, wanafunzi wakamkuta mwingine mzima kabisa, ukutani karibu na taa ya bweni. Wakaja mbio: "Mwalimu, wa kwenye fremu kafufuka!" Naomba unieleze, hizi nususpishi za nondo mwezi wa Asia hutofautishwaje, na huyu wetu ni ipi? Pia, tukitaka kuagiza mayai yao kwa ajili ya darasa, inawezekana? Picha nimeambatanisha.

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Picha nimezifungua kwenye kompyuta na kuzikuza mpaka zikaanza kuvunjika. Nianze na huyo aliyefufuka, maana ndiye mwepesi.

Huyo hajatoka India wala China. Ni mwenyeji wenu. Anaitwa Argema mimosae, nondo mwezi wa Afrika, na Mfaransa Boisduval ndiye aliyemwandika kwa jina la mimosae mwaka 1847, kwa nondo waliopatikana Natal, Afrika Kusini. Makazi yake ni nchi kavu zenye miti, kutoka huko kusini hadi Kenya, na ukanda wetu huu wa kati umo katikati. Kiwavi wake hula majani ya miti kadhaa, mmojawapo mng'ongo, na ming'ongo sihitaji kumweleza mtu wa Kondoa iko wapi.

Programu kukosea sioni ajabu. Picha za nondo mwezi zilizojaa mtandaoni ni za India, China na Marekani, wa kwetu wamepigwa kidogo sana. Basi mashine ikiona kijani na mikia, inajibu kama mwanafunzi aliyesoma sura moja tu usiku wa mtihani: swali lolote, jibu lilelile.

Sasa chukua lenzi, uende nayo kwenye ukingo wa mbele wa bawa la mbele, pale ambapo bawa linapasua hewa. Kwa Actias selene wa Asia utaona mstari wa rangi ya damu ya mzee, mwembamba na safi, kama uzi uliotariziwa kwenye upindo wa kanga. Kwa huyu wako, ukingo huo ni mpana, wa kijivu, unakwaruza kama ganda la mti. Akitulia mchana kwenye tawi, ukingo huo unasaidia kumfanya aonekane kama kijiti chenye majani mawili. Kisha shuka kwenye mikia. Ya Argema mimosae ni mirefu, inaanza na shingo nyembamba yenye wekundu wa udongo, halafu ncha inapanuka na kurudi kwenye kijani-njano. Picha yako ya tatu, ile iliyopigwa kwa tochi kutoka pembeni, inaonyesha vyote viwili vizuri kuliko ile uliyoisifia mwenyewe.

Ushahidi mkubwa zaidi uko nje ya mdudu. Kiwavi wa Actias hujifunika majani, akafuma ndani yake kifukofuko cha rangi ya kahawia, chepesi kama karatasi ya kufungia maandazi. Argema mimosae hufuma kifukofuko kigumu, cheupe cha kung'aa kama fedha, chenye uso wa mikwaruzo, na hukigandisha kwenye tawi. Kusini mwa Afrika watu huvikusanya vifukofuko hivyo vikiwa vitupu, wakatia vijiwe ndani na kuvifunga miguuni wakati wa ngoma. Mgogo anayejua njuga hahitaji maelezo zaidi. Wapeleke wanafunzi kwenye mng'ongo wakati wa kiangazi, majani yakiwa yamepukutika, watazame juu. Kitu cha fedha chenye ukubwa wa kuzidi kidole gumba hakijifichi kwenye tawi tupu.

Hapo bwenini tumemaliza. Fremu ndiyo yenye kesi.

Kwanza tuelewane nususpishi ni kitu gani, kwa sababu naona ninyi wawili mnabishana kana kwamba ni chapa iliyogongwa kwenye bawa. Nususpishi ni wakazi wa eneo fulani, wa spishi ileile moja, ambao kwa kuishi mbali na wenzao wamepata sura yao inayotambulika. Mimi huifananisha na lafudhi. Ukisikia mtu anazungumza kwenye basi unaweza kusema huyu wa Kondoa, huyu wa Mpwapwa, huyu kakulia pwani. Lugha ni moja na wanaoana bila shida. Lakini ukienda sokoni Kibaigwa msimu wa mahindi, lafudhi zimechanganyika, na anayedai kumjua kila mtu kwao kwa neno la kwanza anakisia tu. Nondo nao wana Kibaigwa zao: maeneo ya mpakani ambako sura mbili zinakutana, na hapo unapata kila aina ya mchanganyiko.

Kwa hiyo alama ya kwanza ya nususpishi haiko kwenye mdudu. Ni mahali alipokamatwa. Niletee nondo mwezi mwenye kikaratasi kinachosema bonde fulani, mwinuko fulani, tarehe fulani, na nusu ya kazi imeisha kabla sijashika lenzi. Niletee mrembo asiye na karatasi, nami nitakupa maneno mengi yenye "huenda".

Jambo la pili ni kwamba ubishi wenu umepitwa na majina. Hübner alimwandika selene mwaka 1807. Mwaka 1862 Felder, baba na mwana, wakamwandika ningpoana, kwa jina la mji wa bandari wa Ningpo huko China, ambao siku hizi huandikwa Ningbo. Kwa miaka mingi vitabu vilimweka huyu wa China chini ya mwenzake, vikamwita Actias selene ningpoana, na humo ndimo mwalimu mwenzako alimoipata "nususpishi ya China". Leo wataalamu wengi wanamhesabu kuwa spishi kamili, Actias ningpoana. Wale wa Sri Lanka na kusini mwa India nao walitengwa mwaka 1999 wakapewa jina la taprobanis, kutokana na Taprobane, jina la kale la kisiwa hicho. Ndiyo kusema aliyeandika "Actias selene, Asia" kwenye fremu yenu, kama aliandika zamani, hakudanganya. Selene wa wakati wake alikuwa mpana kuliko wa leo. (Majina yenyewe yana raha yake: Selene ni mungu wa kike wa mwezi kwa Wagiriki, Luna kwa Warumi, na Artemis naye yumo kwenye ukoo huu. Waliokuwa wanayagawa walikuwa wanaangalia juu usiku.)

Kabla hujalinganisha rangi, kuna mitego mitatu, na mimi mwenyewe nimenaswa angalau na miwili.

Mtego wa jinsia. Tazama papasi, zile pembe mbili kichwani. Za dume ni pana, zimechanua kama unyoya wa kuku, kwa sababu anazitumia kunusa harufu ya jike kutoka mbali gizani. Za jike ni nyembamba. Linganisha dume na dume, jike na jike, basi. Katika Actias sinensis dume ni wa njano na jike ni wa kijani, na katika Actias maenas tofauti ni kubwa hata mtu mgeni ataapa kuwa hawa si ndugu, seuze mume na mke. Watu wenye elimu yao wamewahi kutenganisha wanandoa kwa namna hii.

Mtego wa msimu. Mfano ulio wazi unatoka Marekani, kwa Actias luna wa Linnaeus wa mwaka 1758. Kule kusini mwa nchi hiyo, kizazi kinachotoka mapema katika mwaka kina ukingo wa nje wa mabawa wenye wekundu wa zambarau. Kizazi kinachofuata, watoto wa haohao, kina ukingo wa njano. Ukiwaweka kwenye fremu moja bila tarehe unapata "nususpishi" mbili safi kabisa, kumbe ni mama na binti. Spishi za Asia zenye vizazi zaidi ya kimoja kwa mwaka nazo hubadilika kwa msimu, ingawa si kwa uwazi huo. Ukubwa nao usikushughulishe: kiwavi aliyekosa majani mazuri atatoa nondo mdogo hata kama babu zake walikuwa majitu.

Mtego wa tatu ni kupauka, na huu una hadithi. Nilipokuwa kijana nafanya kazi ya kutunza wadudu katika chuo kimoja, nilipewa nondo mwezi waliokauka wakiwa wamekunja mabawa, niwalainishe ili wapangwe vizuri. Njia ya kawaida ni kuwaweka siku moja mbili kwenye chombo chenye unyevu. Nikachukua sufuria, mchanga uliolowa, kitambaa, mfuniko. Ikaja wikiendi, nikasahau. Jumatatu nilifunua sufuria nikakuta kijani chote kimeondoka. Waliobaki walikuwa na rangi ya mtindi. Aliyenituma hakujua, mimi sikusema, na miezi kadhaa baadaye nikamsikia akimweleza mgeni kwamba wale ni aina ya weupe kutoka milimani. Nilikuwa na umri wa kunyamaza, nikanyamaza. Kijani cha nondo hawa hakipendi unyevu wala mwanga, na fremu inayoning'inia ukutani mkabala wa dirisha la ofisi ya Kondoa imekunywa jua la kutosha.

Haya, tuwasome watatu wenu kutoka kushoto.

Wa kwanza ni dume, papasi zinajieleza. Ukingo wa mbele una ule mstari wa damu ya mzee, na mkia una wekundu wa waridi unaoanzia juu na kufuata katikati yake. Waridi hilo ndilo la kutafuta kwa selene wa upande wa India na milima ya Himalaya. Mtu akiniwekea kisu shingoni nitasema Actias selene, na nitalala usingizi. Nususpishi gani? Hapo ndipo kikaratasi chenu kinaponiangusha. "Asia" ni bara zima.

Wa katikati ni jike, na ndiye aliyewagombanisha. Mkia wake ni kijani mpaka mwisho, bila waridi. Hiyo ndiyo sura ya kawaida ya ningpoana, hata Wachina kwa lugha yao wanamwita nondo mkubwa wa hariri mwenye mkia wa kijani. Kwa hiyo mwalimu mwenzako ana nondo mmoja na wewe una mmoja. Ila kabla hamjapeana mikono, geuzeni fremu muangalie upande wa chini. Waridi la mkia likififia juu, mara nyingi chini hubaki kidogo, kwa sababu chini hakupigwi na jua. Mkiliona hata kwa mbali, nondo huyo anarudi kwako.

Wa kulia ni wa njano, na nyote wawili mmemruka kimyakimya. Nimeona. Anaweza kuwa Actias sinensis dume, anaweza kuwa selene aliyechomwa na dirisha. Fanyeni hivi: tazameni sehemu ya bawa la nyuma ambayo bawa la mbele limeifunika. Kama kuna ukanda wa kijani umejificha humo, amepauka. Kama njano ni ileile kote, angalieni mistari inayokatiza mabawa. Ya sinensis hupanda na kushuka kama mawimbi, ya selene imetulia zaidi. Picha yako ina mng'ao wa kioo mahali hapohapo, siwezi kukata shauri.

Kuna njia za kwenda mbali zaidi. Ya zamani ni kukata ncha ya tumbo, kuichemsha kwenye maji ya potasi mpaka nyama iyeyuke, kisha kutazama viungo vya uzazi chini ya darubini. Maumbo yake mara nyingi hutenganisha spishi ambazo mabawa yameshindwa kuzitenganisha. Ya sasa ni vinasaba: tangu mwaka 2003, Paul Hebert na wenzake wa Kanada walipopendekeza kipande kimoja cha herufi 658 hivi kitumike kama msimbo wa kutambulisha wanyama, mguu mmoja wa nondo unatosha kuanzia kazi. Hata hivyo kipande hicho ni kizuri zaidi kwa spishi. Nususpishi zilizoachana juzijuzi zinaweza kufanana herufi kwa herufi. Na kwa nondo wa fremu kuna balaa jingine. Nondo mwezi hufugwa na kuuzwa duniani kote, na wafugaji wamewahi kuzalisha machotara kwa kupandisha spishi mbili tofauti. Nondo aliyezaliwa kwenye kabati la mfugaji Ulaya, wa wazazi walionunuliwa sehemu mbili, hana nususpishi hata kama vinasaba vyake vitasomwa vyote.

Hilo linanifikisha kwenye mayai. Msiagize. Kuingiza wadudu hai nchini kunahitaji kibali, na pa kuuliza ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Hata kama kibali kingepatikana, kiwavi wa selene halishwi mti mmoja tu, na miongoni mwa anaokula huko India ni Lannea, wa familia moja na mwembe, mkorosho na mng'ongo wenu. Kufungulia mgeni wa tabia hiyo katikati ya miti ya ndugu zake ni kumtafutia mkulima wa Kondoa kesi asiyoijua.

Na kwa nini muagize? Mtafuteni jike wa kwenu kwenye taa, muwekeni usiku mmoja ndani ya mfuko wa karatasi, atataga humohumo kama ameshapandwa. Hana haja ya chakula. Nondo hawa wakishakomaa hawali kabisa, mdomo wao hauna kazi, wanaishi siku chache kwa akiba waliyokula wakiwa viwavi. Viwavi wakianguliwa wapeni majani mabichi ya mng'ongo, mbadilishe kila siku, na msiwahamishie mti mwingine katikati ya safari. Vifukofuko vikishafumwa viachwe kwenye vijiti vyake, mahali penye hewa, na mnyunyizie maji kidogo mvua zinapokaribia. Kanuni moja tu msiivunje: ndani ya boksi kuwe na kitu kikavu cha kupandia, kijiti au kitambaa cha katani. Nondo anayetoka ana mabawa madogo, yamenyauka kama majani ya mchicha yaliyopitiwa na jua, naye lazima apande juu aning'inie ili damu isukumwe ndani yake. Akikosa pa kuning'inia, yanakauka hivyo yalivyo. Wanafunzi wakae karibu naye jioni hiyo, waone mikia inavyoshuka polepole kama maji kwenye kamba.

Watakuuliza mikia ni ya nini. Majaribio ya Marekani yaliyotangazwa mwaka 2015 yaliwaachia popo nondo luna wenye mikia na waliokatwa mikia, gizani. Waliokatwa walikamatwa zaidi ya mara mbili ya wenzao. Mkia unapozunguka nyuma ya nondo unarudisha mwangwi wa sauti ya popo, naye anauma mkia akidhani ni mwili. Ndiyo maana yule wa bwenini, ukimtazama vizuri kwenye picha ya pili, ana mkia wa kushoto uliochanika ncha.

Akifa, mpige pini katikati ya kifua, na kabla hamjamkausha andikeni kikaratasi kwa kalamu ya risasi, wino hutoka: Tanzania, Dodoma, Kondoa, jina la kijiji, mwinuko kama simu inauonyesha, tarehe, "kwenye taa ya bweni", na jina la mwanafunzi aliyemwona kwanza. Kikaratasi kikae kwenye pini hiyohiyo, chini ya mdudu, kisibandikwe kwenye fremu, maana fremu hubadilishwa. Halafu uhamishe ile ya ukutani kutoka dirishani, na ukishaigeuza nitumie picha ya chini ya yule wa katikati, bila kioo kama inawezekana. Msalimie mwalimu mwenzako.